Madaktari washauri kwenye kampuni za magonjwa sugu: wana kazi au wamewekwa kupamba ukuta?

#1 Karani wa Mfumo
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera muda mrefu. Nafanya kazi kwenye kampuni inayofuatilia wagonjwa wa kisukari, presha na moyo kwa simu. Mgonjwa anapewa mashine, anapima nyumbani, namba zinaingia kwenye mfumo, zikiwa mbaya muuguzi anampigia. Mimi si mtu wa tiba, kazi yangu ni huo mfumo.

Kwenye ukurasa wetu kuna picha za madaktari 5, makoti meupe, mikono wameikunja kifuani, chini pameandikwa "Bodi ya Madaktari Washauri". Huu ni mwaka wangu wa tatu pale na hao watu nimewaona mara 2 tu. Mara ya kwanza walikuja kupigwa hizo picha, mara ya pili walikuja wageni wenye mitaji.

Hoja yangu: daktari mshauri kwenye kampuni za aina hii ni pambo. Mzigo wanaubeba wauguzi na sisi wa mfumo. Anayebisha alete mfano, nadharia aache nyumbani.

#2 Ngoja Waje
Nimeshaweka kigoda, wajuzi waje.

#3 Dk Mstaafu
Kijana, nimekaa kwenye bodi ya namna hiyo miaka 4, kwa hiyo ujue kabisa kwamba nakuja kujitetea. Nina swali moja tu. Kwenye mfumo wako sukari ikifika ngapi ndipo kengele inalia kwa muuguzi? Na hiyo namba aliiandika nani?

#4 Karani wa Mfumo
Ikishuka chini ya 70 au ikipita 300. Aliyeiandika simjui, nimeikuta.

#5 Dk Mstaafu
Umeikuta. Haya.

Hiyo 70 haina ugomvi, ni 3.9 kwa wanaopima kwa milimoli, kila mwenye kisukari amefundishwa. Ugomvi uko kwingine. Chukua mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu. Maji yakianza kujaa mwilini, mzani ndio mara nyingi unaotangulia kusema, kabla ya miguu kuvimba na kabla hajakosa pumzi usiku. Sasa uweke kengele kwenye kilo ngapi? Sisi tulianza na kilo 1 kwa siku. Ndani ya mwezi wauguzi walikuwa wanapokea kengele nyingi mno, wakaacha kuzisikia, kama mtu anayelala jirani na mashine ya kusaga. Tukabishana jioni nzima, tukahamia kilo 2 ndani ya siku 3. Jioni ile hakuna aliyetupiga picha.

La pili ni HbA1c, ile watu wanaita sukari ya miezi mitatu. Kampuni ilitaka kupima mafanikio yake yote kwa kipimo hicho kimoja. Mwenzetu mmoja, kimya sana, akauliza: na wenye selimundu mtawafanyaje? Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku 120 hivi, na sukari inajishikiza humo taratibu. Chembe ikifa mapema, sukari haipati muda wa kujishikiza, kwa hiyo kipimo kinatoka kizuri huku mwenyewe anaungua. Aliyeongezewa damu juzi naye vilevile, kipimo chake hakiaminiki. Likaongezwa fungu la mistari 2 kwenye mwongozo. Hilo ndilo pambo unalolisema.

#6 Pinga Pinga
Daktari umeongea vizuri, lakini wewe ulibahatika kuangukia bodi ya watu wa kazi. Nyingine zinaundwa kuvutia fedha. Tazameni Theranos, ile ya Marekani ya kupima damu kwa tone la kidoleni. Imeanzishwa 2003, bodi imejaa wanasiasa wazito, Kissinger, Shultz, daktari hata wa dawa hakuna. 2018 ikafungwa. Mwisho wa hadithi.

#7 Mtunza Kumbukumbu
#6 punguza mwendo. Madaktari walikuwepo. Bill Frist kabla ya kuwa seneta alikuwa daktari wa kupandikiza moyo na mapafu. William Foege aliwahi kuongoza CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na jina lake limo kwenye historia ya kutokomeza ndui. Wote wawili walikaa kwenye bodi ile. Ambao hawakuwepo ni watu wa maabara. Hao walitangazwa 2016, wakati Carreyrou, mwandishi wa gazeti aliyewafichua, alishaanza kuandika Oktoba 2015 na nyumba inawaka.

Halafu ile ilikuwa biashara ya maabara. Kumfuatilia mgonjwa wa kisukari miaka 20 ni shughuli nyingine kabisa.

#8 Pinga Pinga
Nimesahihishwa, asante. Lakini si umenisaidia? Daktari wa kupandikiza moyo yumo ndani na bado mambo yameharibika. Koti jeupe peke yake si kinga.

#9 Sista wa Zamu
Mimi ndiye yule anayepigiwa kengele, niseme kidogo.

Nilikuwa na mgonjwa, baba mmoja mnene, presha yake kila siku 170 na kitu. Mwongozo unasema ikiwa hivyo siku 3 mfululizo, taarifa iende kwa daktari wake. Nikapeleka. Dawa ikaongezwa. Wiki 2 baadaye iko palepale, ikaongezwa ya pili. Akaanza kulalamika kizunguzungu akisimama. Nikamwambia, baba, washa video nikuone unavyopima. Mkanda wa mashine umekaza mkono mpaka ile velkro inaachia yenyewe, anaushikilia kwa mkono wa pili! Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Tulipompelekea mkubwa ikasoma 138.

Kumbe kwenye mwongozo mzima hapakuwa na mstari wa kupima mzunguko wa mkono kabla ya kumtumia mtu mashine. Nikaandika barua kwa daktari mshauri. Wiki 7 haijamfikia, kwa sababu lazima ipite kwa mkuu wa bidhaa, naye aliona si ya haraka. Ilipomfikia alijibu siku hiyohiyo, na mstari ukawekwa. Kwa hiyo #1 na #3 wote wana haki. Daktari alikuwepo na kazi anaijua. Njia ya kumfikia ndiyo ilikuwa imezibwa.

#10 Ngoja Waje
Anaushikilia kwa mkono wa pili 😂 Pole sana baba wa watu.

#11 Hesabu Kwanza
Mnabishana kama daktari yupo au hayupo. Mimi nauliza, akishakuwepo anaona nini? Anachoonyeshwa kwenye kikao ni grafu: "wagonjwa wetu walilazwa mara nyingi mwaka jana, mwaka huu wamepungua nusu." Anapiga makofi, anasaini.

Sasa fikirini. Mtu anaandikishwa kwenye mpango akiwa wakati gani? Akiwa hoi, ametoka kulazwa. Ugonjwa sugu unapanda na kushuka. Ukimkamata mtu kileleni, mwakani atakuwa ameshuka hata kama hukumfanyia kitu. Wataalamu wa takwimu wanaita kurudi kwenye wastani.

Mfano mnaoutaka huu hapa. Camden, New Jersey, kulekule Marekani, kulikuwa na mpango uliosifiwa sana wa kuwafuata nyumbani wagonjwa wanaolazwa mara kwa mara. Ukilinganisha kabla na baada, unaona kulazwa kumeshuka sana. Wenyewe wakakubali, na nawavulia kofia kwa hilo, wapimwe kwa kura: wagonjwa 800, nusu wapate huduma, nusu wasipate. Matokeo yakatoka Januari 2020 kwenye New England Journal of Medicine. Waliorudi kulazwa ndani ya siku 180 ni asilimia 62.3 kwa waliohudumiwa na 61.7 kwa wasiohudumiwa. Makundi yote mawili yalishuka sawasawa.

Kabla ya hapo Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, walijaribu mipango 15 ya uratibu wa magonjwa sugu, majibu yakatoka kwenye jarida la tiba la JAMA 2009. Mipango 13 haikuonyesha tofauti yoyote ya maana kwenye kulazwa. Bodi ya mabingwa 5 wa moyo bila mtu mmoja wa takwimu itadanganywa na kila grafu inayoletwa mezani.

#12 Dk Mstaafu
#11 hapo umenipiga, nakiri niliwahi kupigia makofi grafu kama hiyo. Lakini usimalize habari nusu.

2010 ulitoka utafiti wa Tele-HF, wagonjwa 1,653 wa moyo. Kila siku mgonjwa anapiga simu, sauti ya mashine inamuuliza maswali, anabonyeza vitufe. Faida haikuonekana. 2018 ukatoka TIM-HF2 wa Ujerumani, wagonjwa 1,571, ila kule kituoni kulikuwa na madaktari na wauguzi saa 24. Siku zilizopotea kwa kulazwa ghafla kwa ajili ya moyo au kwa kifo zikawa asilimia 4.88, dhidi ya 6.64 kwa wengine, na vifo vyenyewe vikapungua. Kule wanaongea na mashine, huku kuna daktari anayepokea.

#13 Hesabu Kwanza
Mzee, kwa heshima, mitego 2. Kwanza wagonjwa hawakuwa wa aina moja. Wa Tele-HF walikuwa wametoka kulazwa ndani ya siku 30, wa Ujerumani ndani ya miezi 12, na wenye sonona kali waliachwa nje. Na kwenye Tele-HF karibu mtu 1 kati ya 7 hakuwahi kupiga hiyo simu hata mara moja. Inawezekana kabisa tofauti ni ya wagonjwa.

Pili, daktari wa zamu ya usiku si mshauri. Yule anashika simu. Mshauri ni wa kikao cha kila robo mwaka.

#14 Mpenda Istilahi
Mnachanganya watu. Kuna mshauri anayeandika miongozo, huyo ni wa #3. Kuna aliyeazima jina na picha, ni wa #1. Na kuna wa hospitali za Marekani, ambaye hilohilo jina la daktari mshauri ndilo cheo chake: anapitia mafaili kuamua kama mgonjwa anastahili kuhesabiwa amelazwa au yuko chini ya uangalizi tu, kisha anabishana na daktari wa bima kwenye simu. Huyo wa tatu anafanya kazi kutwa, ila hagusi mwongozo wa kisukari.

#15 Mama Sukari
Mnanijadili kama sipo humu. Nina kisukari miaka 11.

Siku moja alfajiri nimeamka natetemeka, jasho, macho yanaona nyota. Nikapima: 58. Mashine ikatuma namba. Kabla sijaweka kitu mdomoni simu ikalia ujumbe, nikadhani wameshtuka wananitafuta. Nikasoma: "Hongera! Sukari yako iko chini ya lengo. Endelea hivyohivyo!" Na picha ya mtu anarusha mikono juu.

Muuguzi alipiga dakika 10 baadaye, binti mzuri tu, akanisimamia mpaka ikapanda. Lakini mimi nauliza, huyo daktari wenu wa kukunja mikono, ile hongera aliiona?

#16 Pinga Pinga
Endelea hivyohivyo mpaka wapi sasa 🙆

#17 Karani wa Mfumo
Mama shikamoo, na pole sana. Bandiko lako limeninyanyua kitini, nimekwenda kuangalia kwetu.

Kengele za hatari ziko sehemu moja, ujumbe wa kutia moyo uko sehemu nyingine. Za hatari zinatoka kwenye mwongozo wa madaktari. Za kutia moyo ziliandikwa na watu wa masoko, jumla 46, na sioni mahali popote palipoonyesha kwamba mtu wa tiba amezisoma. Sharti la ile ya hongera limeandikwa "chini ya 130". Chini yake hakuna sakafu. Kwa maandishi haya hata mwenye 40 anapongezwa.

Nimeirekebisha sasa hivi kabla ya kuomba ruhusa. Nitajieleza kesho.

#18 Mama Sukari
Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri.

#19 Ngoja Waje
Karani amekuja kusema madaktari hawana kazi, katikati ya uzi kagundua pale wasipopita ndipo palipooza. Umejifunga mwenyewe mkuu.

#20 Karani wa Mfumo
#19 sijajifunga. Nimesema hawafiki, na hapa hawakufika. Au vipi?

#21 Wakili wa Mitandaoni
Nasoma mikataba kwa riziki, nami niulize langu: wana uwezo wa kusimamisha kitu?

Kumbukeni utafiti wa ACCORD, watu 10,251 wenye kisukari. Kundi moja lilishushwa sukari kwa nguvu, HbA1c chini ya 6. Februari 2008 kamati ya madaktari ikaona vifo 257 upande huo na 203 upande wa pili, ikasema basi, na matibabu ya kundi lile yakasimamishwa. Uwezo huo ulikuwa umeandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Mikataba ya washauri niliyopitia mimi mingi inasema "atatoa maoni pale atakapoombwa". Asipoombwa, hana la kufanya.

Na malipo mara nyingi ni hisa. Daktari mwenye hisa akisema "bidhaa hii isubiri miezi 6", anajikata mfukoni mwake. Marekani sheria ya 2010 inawalazimu watengenezaji wa dawa na vifaa kutangaza wanacholipa madaktari, ila iliandikwa kwa ajili ya hao. Kampuni inayouza programu na huduma ya kupigiwa simu si lazima iangukie humo.

#22 Mtunza Kumbukumbu
#21 kamati ya ACCORD haikuwa ya washauri. Ilikuwa ya usalama, huru, na data iliiona yenyewe bila kuletewa na mtu. Na kwa nini vifo viliongezeka hawajaafikiana mpaka leo. Usije ukamtisha mtu akaacha dawa zake.

#23 Wakili wa Mitandaoni
Nakubali, na nasisitiza: msiache dawa kwa sababu ya bandiko langu.

#24 Tabibu wa Wote
Mimi si bingwa wa kitu chochote, natibu anayeingia mlangoni. Wanaokosekana kwenye bodi hizi ni watu kama mimi. Ukiwakusanya bingwa wa kisukari, wa moyo, wa figo na wa mapafu, kila mmoja anaandika mwongozo wa ugonjwa wake, mzuri kabisa. Halafu mgonjwa ana yote manne.

Pumu imembana, mwongozo wa mapafu unasema apewe steroidi siku 5. Steroidi inapandisha sukari, kengele ya kisukari inalia. Inamfanya ahifadhi maji, mzani unapanda, kengele ya moyo inalia. Moyo wanasema aongeze dawa ya kukojoa, figo wanasema angalieni asikauke. Nimepokea mgonjwa aliyepigiwa simu 3 siku moja na wauguzi 3 wa kampuni moja. Aliamua kuzima simu.

#25 Sista wa Zamu
#24 Mungu akubariki. Na mfamasia je? Kwetu hayupo hata kwenye picha.

#26 Presha Yangu
Samahani natoka nje ya mada. Nimesoma uzi wote huku nimevaa mashine. 158 kwa 96. Ni nyie mmenipandisha au ndiyo yangu?

#27 Sista wa Zamu
Umekunja nne? Unaandika huku unapima? Mkono umening'inia?

#28 Presha Yangu
Vyote vitatu.

#29 Sista wa Zamu
Weka simu chini. Kaa, mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tulia dakika 5, usiongee na mtu. Pima, subiri dakika 1, pima tena. Ndipo urudi.

#30 Pinga Pinga
Mshauri pekee aliyefanya kazi leo ni sista, na hana picha ukutani.

#31 Karani wa Mfumo
Wakuu, nimeufukua mwongozo wenyewe. Ukurasa wa mwisho una sahihi 2. Moja ni ya daktari aliyemo kwenye picha. Ya pili, yenye tarehe ya zamani zaidi na maandishi ya mkono pembeni kila ukurasa ("kg 2/siku 3, SI 1", "selimundu?"), ni ya mtu ambaye hayumo kwenye picha wala kwenye ukurasa. Nimeuliza ofisini, wa zamani mmoja kasema tu "alimaliza muda wake".

#32 Pinga Pinga
Alitimuliwa. Alikataa kusaini kitu.

#33 Hesabu Kwanza
Au mkataba uliisha kama inavyoisha mikataba. Huna ushahidi.

#34 Wakili wa Mitandaoni
Au hakutaka hisa, akataka mshahara. Nimeona hiyo.

#35 Ngoja Waje
Subirini kidogo. Kilo 2 siku 3. Selimundu. Rudini bandiko #5. Dk Mstaafu, ni wewe??

#36 Dk Mstaafu
Kilo 2 kwa siku 3 imo kwenye miongozo mingi, msinitafute uchawi. Nilichoweza kusema nimeshakisema. Ila picha mimi sikupigwa. Karani, hizo 46 zipitishe kwa sista kabla hujazirudisha hewani, usisubiri kikao.

#37 Karani wa Mfumo
Sawa mzee. #9 nitakufuata faragha, kama hutojali.

#38 Presha Yangu
Nimerudi. Ya kwanza 143 kwa 89, ya pili 139 kwa 87. Niandike ipi?

#39 Sista wa Zamu
Hizo mbili zote, na saa uliyopima. Ile ya kukunja nne usiihesabu. Na kesho asubuhi kabla ya dawa upime tena. Mkanda wako umeandikwa sentimita ngapi?

#40 Presha Yangu
Ngoja nitafute miwani.